Gari Kuukuu Linapiga Stata Lakini Haliwaki: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Malindi

Ukigeuza ufunguo na stata ikazungusha injini kwa nguvu, umekwisha kujua mengi: betri ina uhai, stata ni nzima, injini haijakwama. Kilichobaki ni vitu vitatu ambavyo injini ya petroli haiwezi kukosa hata kimoja, navyo ni cheche kwenye plagi kwa wakati wake, petroli kwa kipimo chake, na mgandamizo ndani ya silinda. Kazi yote ni kujua kipi kati ya hivyo hakipo. Asiyejua hilo hununua pampu ya petroli leo, kesho koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche), keshokutwa kompyuta ya injini ya mtumba kutoka Mombasa, na gari bado limelala pale pale chini ya mwembe.

Naandika kwa ajili ya magari tunayoyaona baina ya Watamu na Gongoni: Corolla na Sunny za miaka ya 1990, TownAce, Hilux, na Peugeot 504 zilizobaki. Ni magari ambayo mtu mwenye spana chache na mita ya umeme ya bei nafuu anaweza kuyachunguza mwenyewe. Na hapa pwani kuna jambo ambalo vitabu vya viwandani havilipi uzito: chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na asubuhi nyingi za Malindi hupita kiwango hicho. Kwa hiyo ule unga mwembamba ulioletwa na upepo wa bahari kwenye soketi za waya hulowa wenyewe usiku bila tone la mvua. Ukishalowa, unapitisha umeme pasipotakiwa, na unaila shaba pale umeme unapotakiwa kupita. Ndiyo sababu nasisitiza: katika gari la pwani, shuku viungo vya waya kabla ya kushuku kifaa chochote cha kununua.

Kabla ya kugusa kitu

Vuta breki ya mkono, weka gia huru, watoto na wanaotazama wakae mbali na feni na mikanda. Sigara hapana, hata ya jirani. Umeme unaokwenda kwenye plagi hufika maelfu mengi ya volti, kwa hiyo usishike waya wa plagi kwa mkono mtupu stata inapozunguka, na mwenye kifaa cha moyo kifuani asikaribie kabisa.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo. Ipumzishe kama dakika moja. Stata iliyochemshwa kwa hasira ni hitilafu ya pili juu ya ile ya kwanza, na wengi huletea gari fundi likiwa na mbili tayari.

Na hili nalisema kwa uzito wote: usikubali mtu amimine petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mwingine anapiga stata. Nimeona inavyofanywa barabarani kana kwamba ni jambo la kawaida. Injini ikirudisha moto juu, chupa iliyo mkononi inawaka pamoja na mkono.

Injini inazunguka, lakini kwa uzito

Sikiliza kwanza. Kama mzunguko ni wa kujivuta, usitafute mbali. Injini ya aina hii inaweza isishike hata kama kila kitu kingine ni kizima, kwa sababu stata inapokula umeme wote, koili na kompyuta zinabaki na njaa na cheche inakuwa dhaifu.

Sababu ya kwanza ni vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, usiuguse kwa mkono mtupu. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kausha, funga chanya kwanza kisha hasi, halafu paka mafuta ya mgando juu. Kichwa kinachozungushika kwa vidole hakijafungwa.

Sababu ya pili, na hapa Malindi naiweka karibu sawa na ya kwanza, ni waya wa hasi unaotoka betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Bolti yake hukaa mahali penye maji na mchanga, ikala kutu chini ya rangi, na kwa macho unaona waya mzima. Pima hivi: weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fungua bolti, kwangua mpaka chuma kitupu, funga upya.

Mwisho ndiyo betri yenyewe. Ikiwa imetulia usiku mzima bila kutumika, iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6. Ikishuka hapo, ichajiwe kwanza kisha ipimwe tena kabla ya kuihukumu.

Inazunguka vizuri, na kimya kabisa

Hii ndiyo dalili inayowaleta watu wengi. Injini inazunguka kwa mwendo wake wa kila siku, lakini hakuna hata mtikisiko wa kutaka kushika, hakuna mlio kwenye ekzosi, hakuna harufu. Mara nyingi zaidi ni cheche zilizokosekana, na baada yake ni petroli.

Anza na vitu visivyohitaji spana. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, kompyuta haipati umeme. Nenda moja kwa moja kwenye fyuzi na rilei kuu, ile swichi inayowashwa kwa umeme. Kama gari lina saa ya mizunguko ya injini, itazame unapopiga stata. Sindano ikitikisika kidogo, koili inapokea amri ya kukata na kuunganisha umeme. Ikilala kama imekufa, tatizo liko upande wa distributa (inayogawa umeme wa cheche kwa kila plagi), sensa (kifaa kinachoipa kompyuta ishara) au swichi.

Halafu alamu. Magari mengi ya mtumba yameshafungwa alamu, swichi ya siri ya kukata moto, au traka iliyowekwa wakati wa mkopo. Vifaa hivi hukata waya wa koili au wa pampu, na rilei zake za bei rahisi huwekwa chini ya dashibodi bila kinga yoyote. Ukiwa umenunua gari hivi karibuni, muulize aliyekuuzia swichi ya siri iko wapi. Ukiwa na deni kwenye gari, piga simu kwa mkopeshaji kabla ya kufungua injini.

Sasa fyuzi. Usitosheke kuzitazama, zichomoe moja moja, tazama miguu. Fyuzi nzima yenye miguu ya kijani ni sawa na fyuzi iliyokatika. Katika Toyota, tafuta zilizoandikwa EFI na IGN. Ukibadilisha fyuzi na ikakatika tena papo hapo, usiweke kubwa zaidi na usiweke waya wala karatasi ya sigara. Kuna mahali waya umegusa chuma, na ukilazimisha, utachoma gari.

Ndipo tunafika kwenye kipimo chenyewe cha cheche. Chomoa soketi za nozeli zote, vile vinyunyizi vya petroli vya magari yasiyo na kabureta, ili petroli isiendelee kumwagika ndani ya silinda. Angalizo kwa wenye Toyota: usichomoe fyuzi ya EFI ukidhani unakata petroli peke yake. Fyuzi hiyo inalisha kompyuta pia, kwa hiyo cheche nazo zitapotea, nawe utatangaza koili imekufa ilhali umeizima mwenyewe. Fungua plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze ili chuma chake kiguse chuma kitupu cha injini, mbali na tundu la plagi. Ishike kwa koleo yenye mpini wa plastiki mzito, au bora uibane kwa waya wa hasi. Mwenzako apige stata sekunde tatu. Cheche nzuri ni ya buluu na unaisikia ikipasuka. Ya manjano na nyembamba ni dhaifu, na itashindwa kabisa ndani ya silinda ambako kuna mgandamizo. Usiache waya wa plagi ukining'inia bila kugusa kitu, maana umeme usio na pa kwenda hutoboa koili.

Hakuna cheche? Fungua kifuniko cha distributa. Kabla ya kutafuta ufa au kutu, mwambie mwenzako apige stata mara moja, nawe tazama rota, kile kidole kilicho chini ya kifuniko. Lazima izunguke. Katika injini nyingi za Corolla za miaka hiyo distributa inazungushwa na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, na kamshafti inazungushwa na mkanda wa taimingi. Rota ikisimama tuli huku injini inazunguka, mkanda umekatika. Acha hapo hapo, nenda sehemu ya mkanda hapa chini. Nawasihi sana mfanye kipimo hiki mapema. Ni cha dakika tano, na kinaokoa gharama kubwa.

Rota ikizunguka, shuku kwa mpangilio huu. Kwanza kifuniko na rota: vituo vyake vikiwa na unga mweupe au kijani, au ukiona kimstari cheusi chembamba kinachopita kutoka kituo kimoja hadi kingine, umeme unatoroka hapo. Kimstari hicho hakisafishiki, kifuniko kibadilishwe. Oili ndani ya kifuniko maana yake mpira wa shingo ya distributa umekwisha, na kubadilisha kifuniko bila mpira ni kurudi hapo tena.

Pili soketi ya distributa na ya koili. Itenganishe, itazame kwa tochi. Hapa ndipo chumvi inapofanya kazi yake ya kimyakimya, hasa kwa magari yanayoshinda kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni au yanayolala kando ya ufukwe. Nyunyiza dawa ya kusafisha viungo vya umeme, sugua kwa msasa laini, kaza vijike vya soketi kwa ncha ya sindano, rudisha. Jaribu gari kabla ya kwenda hatua nyingine. Kwa maoni yangu hakuna kazi ya bei rahisi zaidi inayofufua magari mengi zaidi katika mji huu.

Tatu koili. Kwa koili za zamani za mtungi, upande wa kwanza husoma om (kipimo cha ukinzani wa umeme) chache tu, kati ya 1 na 4 kwa kawaida, na upande wa pili maelfu, kama 8,000 hadi 13,000. Ukisoma hakuna mwendo kabisa, yaani umeme haupiti, imekatika. Nne sensa ndani ya distributa au kwenye krenkishafti (shafti kuu ya injini), na kile kikata-umeme cha koili. Hivi vinahitaji namba za kitabu cha gari lako, na mtu anayebahatisha atavinunua vyote.

Kwa Toyota za miaka ya 1990 zenye kisanduku cheusi cha uchunguzi chini ya boneti, kuna msaada wa bure. Unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu mimweko ya taa ya injini. Mweko mmoja, kituo, kisha miwili ni namba 12. 12 na 13 ni ishara ya mzunguko wa injini inayokosekana, kwa kawaida sensa ya distributa au waya wake. 14 ni ishara ya kuwasha. 22 ni sensa ya joto la maji.

Magari yenye pointi, vile vidomo viwili vinavyogusana ndani ya distributa, yana dawa yao. Hakikisha vinafunguka na kufunga, visugue kwa msasa laini, futa kwa karatasi safi, upime nafasi. Nyingi huhitaji kama milimita 0.45. Pointi zikiungua haraka mara kwa mara, kondensa ndiyo inayoziua.

Cheche zipo, plagi zimetoka kavu

Petroli haifiki. Na tuanze na kipimo cha tanki, kwa kuwa geji ya gari kuukuu si ya kuaminiwa. Tia lita tano kabla ya kufanya lolote.

Kwa gari la nozeli, fyuzi na rilei ya pampu huongoza, kisha soketi ya pampu, kisha pampu yenyewe, na filta iliyoziba mwisho. Watu wengi husema, "Washa swichi, sikiliza tanki, usiposikia pampu, imekufa." Kwa Nissan nyingi ni kweli, pampu hulia sekunde chache. Lakini Toyota nyingi za zamani haziendeshi pampu mpaka stata izunguke, na ukimya wake swichi ikiwashwa haumaanishi kitu. Nimesikia mwenye Corolla akiambiwa, "Mzee, hapa ni pampu, tutoe hela twende dukani," kwa sababu ya ukimya huo tu. Kipimo cha haki ni kwenye kile kile kisanduku cha uchunguzi: unganisha FP na +B, washa swichi, mwenzako aweke sikio kwenye mdomo wa tanki, nawe uushike mpira wa petroli ubavuni mwa filta. Pampu ikilia na mpira ukakakamaa, pampu ni nzima, na kosa liko kwenye rilei au kwenye ishara ya injini inayoiamsha. Hapo rudi kwenye sensa ya distributa, kwa sababu kompyuta isipoona injini inazunguka, hukata cheche na petroli kwa pamoja.

Pampu isipolia, pima kama umeme unafika kwenye soketi yake. Katika Corolla iko chini ya kiti cha nyuma. Umeme ukifika na pampu iko kimya, mtu agonge chini ya tanki kwa ngumi huku unapiga stata. Ikiamka, itakufikisha nyumbani, lakini usiende nayo Mombasa. Ni kilomita 120 na itakuacha njiani.

Usifungue mpira wa petroli wa gari la nozeli bila kutoa shinikizo. Kuna takriban psi 40 (psi ni kipimo cha shinikizo) humo, na petroli itaruka machoni. Chomoa fyuzi ya pampu au soketi yake, piga stata kidogo, funika kiungo kwa kitambaa, kisha fungua taratibu.

Kwa kabureta ni rahisi. Nyingi za Kijapani zina kidirisha cha kioo ubavuni. Petroli ionekane katikati yake. Vua filta ya hewa, vuta kamba ya pedali ya mafuta kwa mkono injini ikiwa imezimwa, tazama ndani: lazima kijito chembamba kiruke. Kama bakuli ni kavu, pampu ya injini au filta. Kama bakuli limejaa na bado haishiki, sikiliza kile kivalvu cha umeme cha kukata petroli. Swichi ikiwashwa hutoa mlio mdogo wa tik. Kikinyamaza, mara nyingi ni waya wake tu uliochomoka.

Ubora wa petroli nao usipuuzwe. Chota kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji hukaa chini kwa mstari ulio wazi. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huwa na harufu nzito na huacha mafuta kwenye karatasi inapokauka. Uchanganyaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Mwenye kununua ya chupa kando ya barabara ashuku hili kwanza.

Plagi zimelowa na harufu ya petroli imejaa

Injini imezama. Kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, ishike hapo hapo, piga stata sekunde nane. Usipige-pige pedali, kwenye kabureta kila mkanyago humwaga petroli zaidi. Ikikataa mara tatu, fungua plagi, zikaushe, piga stata bila plagi ili silinda zipumue, ukiwa umechomoa soketi za nozeli na waya wa koili.

Kwa nini imezama? Mara nyingi ni cheche dhaifu, kwa hiyo rudi juu. Kisha filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi jekundu la Ganda na Kakuyuni. Kwa kabureta, choki iliyokwama imefungwa au boya lililotoboka. Kwa nozeli, sensa ya joto la maji inayoidanganya kompyuta kwamba kuna baridi kali, nayo ikazidisha petroli. Katika Toyota za aina hii sensa husoma kama om 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na kama 200 hadi 400 injini ikiwa moto wa nyuzi 80. Mjini kwetu asubuhi isome chini kidogo ya 2,000. Ukiona makumi ya maelfu au hakuna mwendo, safisha soketi yake, na isipobadilika ununue mpya. Ni kifaa cha bei ndogo.

Petroli ikinukia kwenye kijiti cha oili, usiliwashe. Oili imepunguzwa uzito na haitazilinda beringi. Mwaga, weka mpya, tafuta nozeli inayovuja.

Halishiki asubuhi ya umande au baada ya mvua, mchana ni zima

Huu ni ugonjwa wa kusi na wa masika. Usiku, fungua boneti mahali penye giza, mwenzako apige stata. Ukiona vicheche vya buluu vikitambaa kwenye nyaya za plagi au kifuniko, umepata jibu. Badilisha nyaya zote pamoja. Kwa Toyota waya mmoja usizidi om 25,000. Kwa siku hiyo moja, kitambaa kikavu na dawa ya kufukuza maji vinatosha kukufikisha kazini.

Kama lilikataa baada ya kuoshwa injini, na kuna aliyezichomoa nyaya, hakiki mpangilio. Corolla na Sunny za silinda nne huwaka 1-3-4-2. Nyaya mbili zikibadilishana, gari hupiga risasi kwenye filta ya hewa.

Liko zima asubuhi, linakataa likiwa moto

Umetoka Malindi mpaka Gede, ukazima, umenunua vitu vyako kwa robo saa, gari halishiki. Saa moja baadaye linashika kama hakuna kilichotokea. Usilitengeneze likiwa limepoa, hutaona kitu. Pima cheche pale pale linapokataa. Zikikosekana, ni koili, kikata-umeme chake au sensa, ambavyo waya wake wa ndani hutengana vikipata joto. Kumwagia sensa maji ya baridi taratibu ni kipimo halali. Likishika, umemshika mwizi. Usimwage maji kwenye chuma cha injini chenye moto.

Cheche zikiwepo, kabureta inachemka. Petroli hugeuka mvuke ndani ya bomba. Angalia kama bomba limesogea likagusa ekzosi, na kama ile ngao ya joto chini ya kabureta ipo bado. Mafundi wengi huivua na kuisahau.

Linashika sekunde moja kisha linazima

Kwenye magari yenye koili ya mtungi, ukiona linashika stata inapozunguka na kuzima mara tu uachiapo ufunguo, ni rezista ya koili au swichi ya ufunguo. Karibu hakuna lingine. Kwa magari ya baadaye yenye ufunguo wa chipu, tazama taa ya imobilaiza (kizuia-wizi kinachosoma chipu hiyo), ujaribu ufunguo wa pili.

Inazunguka haraka kuliko siku zote, sauti laini isiyo na mapigo

Hapa weka ufunguo mfukoni. Mgandamizo umepotea, na mara nyingi ni mkanda wa taimingi uliokatika au kuruka meno. Toyota iliweka kilomita 100,000 kuwa muda wa kuubadilisha kwa injini nyingi zake. Gari ambalo haijulikani mkanda wake ulibadilishwa lini lihesabiwe limepita. Injini za 5A za Corolla kwa kawaida hazipindishi valvu mkanda ukikatika, lakini dizeli za 2L na 3L za Hilux hupindisha, na kila mpigo wa stata unaongeza hasara. GA15 ya Sunny ina mnyororo, si mkanda, nayo hutoa kelele kabla ya kufika hapo. Fundi apime mgandamizo: kwa injini za 4A za Corolla kiwango cha chini ni psi 142, na silinda zisipishane kwa zaidi ya 14.

Dizeli, kwa ufupi

Dizeli haina cheche. Shuku plagi za hita, hasa ikitoa moshi mweupe ikizungushwa. Kisha hewa kwenye bomba: pampa kile kitufe cha mkono juu ya filta, kikiwa laini hakikazi, hewa inaingia mahali. Kisha waya wa kivalvu cha kuzima kwenye pampu. Usiruhusu mtu anyunyize etha kwenye dizeli yenye plagi za hita. Hulipuka kwenye njia ya hewa. Pampu yenyewe ya dizeli usiifungue nyumbani.

Pa kuachia

Acha na umwite fundi ukiona petroli ikidondoka, ukisikia chuma kikigonga, fyuzi ikikatika mara ya pili, oili ikiwa na rangi ya maziwa, au mkanda ukiwa umekatika. Acha pia kama gari limevuka maji ya mafuriko, iwe njia ya Garsen au kwingine, na injini ikakwama katikati ya mzunguko. Maji yamo ndani ya silinda na hayabonyezeki. Ukilazimisha stata, konrodi (fimbo ya pistoni) inapinda. Plagi zitolewe kwanza.

Fundi akifika, mpe ulichokiona, usimpe jina la kifaa. Sema: "Fundi, cheche ni za buluu, plagi zimetoka kavu, pampu inalia nikiunganisha kwenye kisanduku, tangu jana." Maneno hayo yanampunguzia nusu ya siku. Akitaka kifaa kinunuliwe, muombe akuonyeshe kipimo kwa mita au kwa macho kabla hujatoa pesa, na kile cha zamani ubaki nacho mpaka gari liwe limewaka asubuhi tatu mfululizo likiwa baridi.